Kisanduku Ndani ya Sanduku

"Mama, una kitu chochote chenye kufuli?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo asubuhi moja, amesimama mlangoni kwangu, aproni yake imejaa unga wa plasta mpaka kifuani. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa namaliza uradi wangu. Mswala bado uko chini, tasbihi bado iko kidoleni. Nikadhani ameingiliwa na mwizi.

"Kuna nini, mwanangu? Umeibiwa?"

"Naibiwa kila siku," akasema. "Na mwizi mwenyewe ndiye huyu unayemwona."

Alikuwa ameshika kile kisanduku chake cheupe cha waifai, chenye vipembe viwili kama mwanambuzi, waya wake umezungushwa tumboni. Amekishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na mwili, kama mtu anayemtoa nje paka aliyekojoa ndani.

Nikamkaribisha akae. Hakukaa.

Jirani huyu anakaa mlango unaotazamana na wangu, yeye peke yake kama mimi nilivyo peke yangu. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia. Daktari wa kliniki ya barabara ya pili anang'oa, yeye anarudisha. Wapangaji wenzetu wanamwita Magego, na huitika bila kununa. Meza yake iko chini ya dirisha, na juu ya meza kuna mataya ya plasta yamepangwa safu, mengine yamejaa meno, mengine ni mapengo matupu. Ukiingia kwake mara ya kwanza unajikuta umeshatoa salamu kabla hujajua unamsalimia nani.

Kilichomfika ni hiki. Alikuwa anampangia meno mwalimu mmoja mstaafu. Katikati ya kazi simu ikalia, akaiangalia. Ujumbe ule ulikuwa na video, ile ikaleta nyingine, na nyingine ikaleta mwanamke anayefua zulia.

"Mama, nimekaa naangalia zulia la mtu linafuliwa," akasema. "Zulia si langu, nyumba siijui, na sikuinuka mpaka likaanikwa!"

Aliporudi kwenye kazi, chonge ya kulia akaipachika kushoto, ya kushoto akaipachika kulia. Mwalimu wa watu alipovalishwa, mdomo ukawa kama mlango uliovimba kwa mvua, haufungi wala haufunguki. Daktari hakumgombeza. Alimwambia kwa sauti ya upole, ile inayotisha kuliko makelele, kwamba ikitokea tena atatafuta fundi mwingine. Na mjini hapa daktari mwingine wa kumpa kazi hayupo.

"Si ukizime tu?" nikamuuliza.

"Nakizima. Nakaa, nashika nta. Nta haijalainika, mkono umeshakwenda ukutani, umekiwasha. Sikuutuma, mama. Umekwenda wenyewe, umerudi, unajifanya hauna habari."

"Na hiyo simu?"

"Simu lazima niwe nayo, daktari akinipigia kwa laini ya kawaida nipokee. Bando sinunui, nimeapa. Adui yangu ni hiki kidudu. Kifungie asubuhi tu. Adhuhuri nakuja kukichukua."

Nikamuuliza kwa nini asubuhi. Akanieleza kwamba jua linaingia kwake asubuhi tu, kabla halijapita nyuma ya lile ghorofa la mbele, na rangi ya jino huwezi kuilinganisha kwa taa. Kwa taa meno yote yanafanana, mteja akitoka nje ndipo jino moja linaonekana la mtu mwingine.

"Lipo sanduku la marehemu," nikasema.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi bomba. Sanduku lake la chuma liko miguuni pa kitanda changu tangu alipotangulia mbele ya haki. Spana zake zimo, koleo zake zimo, na ukilifungua harufu ya grisi inakuja kama mtu aliyekuwa anasubiri mlangoni. Nikasogeza spana, nikakilaza kisanduku juu ya kitambaa chake cha kufutia mikono, nikafunika, nikafunga. Ufunguo nikautia kwenye kamba ya shingoni.

"Na usinipe," Magego akasema. "Hata nikikulilia. Niahidi."

"Nimekuahidi."

"Sema wallahi."

"Mimi siapi ovyo ovyo. Nimesema nimekuahidi."

Akacheka, akanibusu mkono ulionuka grisi, akaenda zake. Nikasikia mlango wake, kisha kiti chake kikisogezwa, kisha tupa yake ndogo ikianza kukwangua, kwaa, kwaa, kwaa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwanangu.

Mimi nina mtoto mmoja tu, na yuko nchi za mbali. Anafanya kazi katika ghala la kugandishia vyakula, mahali ambapo simu mnaziacha kwenye makabati kabla hamjaingia. Akitoka kazini huko kwao, kwangu mimi huwa ni asubuhi, jua ndiyo linapanda ukutani. Hiyo ndiyo saa yake ya kunipigia, kabla hajalala. Akishalala haamshwi, na akishaamka ni mbio tena. Siku za mapumziko ana kibarua kingine. Hapigi kila siku, siwezi kumsingizia. Lakini akipiga, anapiga asubuhi, na ananipigia kwa picha, nione uso wake, naye aone kama nimekula.

Simu anayonipigia aliniletea mwenyewe siku za nyuma. Iliniponyoka bafuni, mahali pa laini pakavunjika, ikabaki inaishi kwa waifai tu. Na waifai ni ya Magego. Yeye mwenyewe, kwa wema wake, aliwahi kuja kunibonyezea neno la siri, akasema, "Tumia, mama, kwani inapungua?" Kasimu kangu kengine, ka vitufe, ni ka kuulizana hali na watu wa hapahapa.

Kwa hiyo nilikuwa nimekaa kitandani, ufunguo umenilalia kifuani, nimejifungia mwenyewe nje. Ningevuka korido tu. Hatua ni chache, hata viatu havihitajiki. Ningemwambia, mwanangu, samahani, nilisahau. Angekirudisha kisanduku kwake, angekaa mezani na kazi nyingine ya meno huku mkono unakwenda ukutani, na daktari angetafuta fundi mwingine. Nikaisikiliza ile tupa. Haikusimama hata mara moja asubuhi nzima. Sikuvuka.

Adhuhuri alipokuja alikuwa mtu mwingine. Macho mekundu kwa kutumbua, lakini anacheka. Alikuwa na kisahani mkononi, na juu ya kisahani meno ya juu yote, yamesimama katika nta ya rangi ya ufizi.

"Mama, hebu msalimie mgeni."

"Asalaam alaikum," nikayaambia meno.

"Anaona haya, hajazoea watu."

Nikamimina chai. Tukanywa sisi wawili na yale meno katikati yetu, na nikagundua kwamba ni muda mrefu meza ile haikuwa na vikombe viwili. Alipoondoka na kisanduku chake, akakichomeka kwake, simu yangu juu ya kabati ikashtuka, ikapiga kelele zake. Mwanangu alikuwa amepiga. Amepiga tena. Kisha ujumbe wa sauti: "Mama, uko wapi? Haupatikani. Basi, nalala."

Nikambonyezea na mimi sauti. Nikasema nipo, mwanangu, ni mtandao tu. Kwa kuwa ni kweli, ni mtandao tu.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Nikishasali na kumaliza uradi, mlango unabishwa. "Mfungwa kaja," anasema Magego. "Kala chai?" namuuliza. "Hastahili." Natia kisanduku ndani, nafunga, yeye anarudi kwenye jua lake. Mimi nafagia, nafua kidogo, nachambua mchele. Jengo lote wamekwenda kazini na shuleni. Kuna mtungi wa maji wa mtu wa juu unaodondosha, tone, tone, na kuna ile tupa. Nikawa najua kazi yake kwa sikio. Tupa ni plasta. Kimya kirefu ni kupanga meno kwenye nta. Msasa, ule mwembamba unaonong'ona, ni kwamba seti inakaribia kwisha. Katika kimya kile kirefu nilikuwa hata sikohoi.

Watu hudhani upweke ni kutosikia kitu. Mimi nilikuwa nasikia kila kitu.

Adhuhuri chai, na mzaha, na meno ya watu. Hapo ndipo nilipokuwa naishi. Ningeweza kukuambia mwanamke wa duka la vitambaa ana taya jembamba, na kwamba yule mzee wa barabara ya sokoni anasaga meno usingizini, kwa kuwa Magego alinionyesha yalivyolika. "Ana hasira na mtu," nikasema. "Na mke wake," akasema Magego. "Mke ndiye aliyemleta kliniki kwa sababu hapati usingizi." Tukacheka mpaka nikaziba mdomo na upande wa mtandio.

"Kwa nini unaziba, mama?"

"Pengo."

"Mbele ya fundi wa meno unaficha pengo? Nikutengenezee."

"Nani ananiangalia mimi?"

"Si mwanao! Si huwa anakupigia kwa picha?"

"Huwa anapiga," nikasema.

Alidhani anapiga jioni. Sikumwambia jioni, wala sikumwambia asubuhi. Mchana uleule akanipeleka kwake, akanikalisha kwenye kiti chake, akanitia mdomoni kitu laini kama unga wa chapati uliowekwa dawa ya meno. "Uma. Tulia. Usimeze, usicheke, usimtaje mzee wa barabara ya sokoni." Kwa hiyo nikacheka, na ikabidi turudie.

Jino langu lilipokuwa tayari alilijaribu asubuhi dirishani, akanigeuza uso huku na huku kama mtu anayenunua nazi. Akasema, "Haya, sasa una tabasamu la kutuma." Nikajiangalia kwenye kioo chake kidogo. Nilimwona mwanamke aliyekuwa na mume.

Kuanzia hapo nikawa navaa lile jino kila asubuhi baada ya kusali. Najua halikuwa na maana. Kisanduku kimo sandukuni, hakuna wa kuniona. Lakini saa ile ya mwanangu ilipofika nilikuwa nakaa tu upande wa dirisha, mtandio umekaa sawa, jino liko mahali pake, simu mapajani, kioo chake cheusi kinanionyesha mwenyewe.

Kwanza alikuwa anapiga, anapiga tena, anaacha sauti. Baadaye anapiga mara moja na kuacha sauti. Sauti zikawa fupi. Mara ya kwanza alinieleza kwamba wamemhamishia kwenye chumba cha samaki, kwamba vidole vinakufa ganzi, kwamba ameota baba yake anafunga bomba. Zile za mwisho zilikuwa "Sawa mama," na nyuma ya maneno nasikia anavua viatu.

Nilijaribu kumpigia mchana. Iliita sana. Alipopokea kulikuwa na giza, na sauti kutoka chini ya blanketi.

"Mama? Kuna msiba?"

"Hapana, baba. Nilitaka kukusikia tu."

"Nilikuwa nimelala, mama."

"Lala, lala. Samahani."

"Si kitu. Asubuhi yako mbona hupatikani?"

"Mtandao, baba."

"Huo mtandao wenu," akasema, akapiga mwayo, na ule mwayo ndiyo mazungumzo yetu yote. Sikumwamsha tena. Mtu anasimama kwenye barafu mchana kutwa kwa ajili ya kunitumia chochote anachonitumia, halafu nimwamshe nimsikie akipiga mwayo? Nikawa naacha sauti yangu, na yeye ananijibu kwa picha ya kidole gumba.

Nilimwomba Mungu anionyeshe. Sikuomba makubwa. Niliomba tu nijue la kufanya, kwa kuwa kila nilipoinuka nivuke korido nilisikia ile tupa ikikwangua bila kukatika, na nikaona mtu anayetengeneza riziki yake ndani ya kimya nilichompa mimi. Na adhuhuri alipokuja na vikombe vikawa viwili, nilikuwa siwezi tena kusema. Kama ningesema, kisanduku kisingekuja. Kisanduku kisipokuja, naye haji.

Kisha ikaja ile asubuhi aliyonililia kweli.

Jua lilikuwa katikati ya ukuta. Tupa ilikuwa kimya tangu mapema, na si kimya cha kupanga meno. Nilisikia anatembea. Akafungua mlango wake, akafunga, akafungua. Kisha akawa mlangoni kwangu, mikono ameificha chini ya aproni.

"Mama, nipe mara moja."

"Adhuhuri."

"Mara moja tu, niangalie kitu kimoja, nikurudishie."

"Kitu gani?"

"Sijui! Kitu. Chochote. Nahisi dunia nzima inaongea huko na mimi nimekaa na taya la mtu." Alikuwa na machozi, na alikuwa anajichekelea wakati huohuo. "Mama, tafadhali. Nakosa hewa."

Na mimi nilikuwa nimekaa dirishani na jino langu mdomoni. Ilikuwa saa yake hasa mwanangu. Ufunguo uko shingoni. Ningelifungua sanduku, angekichomeka kwake, mtandao ungerudi, simu ingeshtuka mapajani mwangu, na hakuna ambaye angenilaumu, kwa kuwa ni yeye aliyeomba. Mkono wangu ulishakwenda kwenye kamba. Sikuutuma. Nikakumbuka aliponiambia mkono unakwenda wenyewe.

"Nilikuahidi," nikamwambia. "Rudi kazini, mwanangu."

"Nakuondolea ahadi!"

"Aliyeniomba si wewe wa leo. Ni yule wa siku ile. Yeye hajaniondolea."

Hapo akakasirika. Akasimama wima, machozi yakakauka palepale.

"Kwako rahisi, mama. Mtandao unakuhusu nini? Una nini cha kukosa wewe?"

Nilimwangalia. Nilikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa mapajani mwangu, limelala kifudifudi. Nikasema, "Nenda kanawe uso. Meno ya mteja yanasubiri."

Akaenda. Mlango wake ulipiga mpaka plasta ya ukuta wetu ikadondoka. Baada ya muda, kwaa, kwaa, kwaa. Adhuhuri alikuja, akaniomba radhi, nikasema nimeshasahau, akanywa vikombe viwili vya chai badala ya kimoja. Mchana ule simu iliposhtuka haikuwa na kitu. Mwanangu hakuwa amepiga. Na siku iliyofuata hakupiga, na zilizofuata hakupiga. Nilijua amefikia pale ambapo mtu anaacha kubisha mlango, si kwa ubaya, ni kwamba ameuzoea umefungwa.

Sikuacha kuvaa jino.

Msimu ulibadilika, jua likawa linaingia kwa Magego kwa pembe nyingine, akasogeza meza. Daktari alikuwa anamletea kazi ngumu sasa, mataya ya juu na ya chini kwa pamoja, ya watu waliopata ajali. Hakuna iliyorudi. Na asubuhi moja, kisanduku kimo sandukuni kama kawaida, nilisikia simu yake ikiita kwa laini ya kawaida, nikasikia "Ndiyo, daktari. Ndiyo, daktari. Asante, daktari," kisha kelele, kisha akaingia kwangu bila kubisha.

"Fungua sanduku!"

"Adhuhuri bado."

"Mama, fungua! Nimepewa chumba! Ndani ya kliniki, meza yangu, dirisha langu, mshahara wa mwezi. Naanza wiki ijayo, kila siku asubuhi mpaka jioni. Kasema hajawahi kuona mkono uliotulia hivi. Mkono uliotulia, mimi! Fungua, leo mfungwa kasamehewa."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti, kwa kuwa ilistahili, na nilifurahi kweli. Nikafungua. Alikitoa kisanduku mwenyewe, akakibusu vipembe vyake vyote viwili, na kwa haraka aliyokuwa nayo hakukimbilia kwake. Waya wa simu unaoingia ukutani kwake una tawi linalopita koridoni mpaka kwangu, marehemu ndiye aliyelipitisha zamani kwa ajili ya simu ya mezani. Akakichomeka hapohapo kwenye kabati langu. Taa zake zikawaka moja moja.

"Picha," akasema. "Njoo tupige picha, tumtumie mwanao. Aone mama yake amekaa na fundi wa kliniki. Simu yako iko wapi? Yangu kamera imepasuka."

Ilikuwa mikononi mwangu. Akaichukua, akanikumbatia begani.

"Ondoa mkono mdomoni, mama, kazi yangu ionekane!"

Nikaondoa mkono. Akapiga, akaiangalia, akasema nimekuwa msichana. Akafungua ukurasa wa mwanangu ili aitume. Kidole chake kikagusa kioo, picha ikaondoka. Kisha kidole kikabaki juu pale pale.

Nilijua anaangalia nini. Zile alama nyekundu za simu zisizopokewa zinaandika na saa.

Akasukuma juu kidogo. Akasukuma tena. Alikuwa bado anatabasamu, lile tabasamu la picha, halijajua liende wapi.

"Mama. Hizi zote ni asubuhi."

"Ni za zamani hizo."

"Za zamani ni za juu." Akashusha. "Huku chini hakuna kitu. Huku chini ni vidole gumba tu." Akaniangalia. "Anakupigia asubuhi?"

"Alikuwa akitoka kazini."

"Kila siku mimi nakuletea hiki kidudu, wewe unafunga, unaniuliza kama kala chai, na mwanao anapiga."

"Hakuwa anapiga kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekileta?"

"Nisingekileta!"

"Basi, mwanangu," nikasema. "Na ile meza ya dirishani kliniki angekaa nani?"

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kwa mara ya kwanza bila kukaribishwa. Alinitazama mdomoni, lile jino alilolipanga yeye, kisha akatazama kiti changu kilivyoelekea dirisha, kisha mtandio wangu ulivyokaa sawa asubuhi ile ambayo sikuwa na safari wala mgeni. Ni mtu wa kuona vitu vidogo, ndiyo kazi yake. Nikaona anavipanga kimoja kimoja.

"Nilikuuliza una nini cha kukosa," akasema polepole.

"Ulikuwa na hasira."

Akabonyeza ile alama ya kupiga. Sikumzuia. Ilikuwa saa yenyewe, au karibu yake. Simu ikaita huko ilikokuwa inaita, mlio mrefu, mlio mrefu. Tukaisikiliza wote wawili, sanduku la marehemu liko wazi miguuni petu, harufu ya grisi imejaa chumba. Ikaita mpaka ikajikata yenyewe.

"Pengine anaoga," nikasema. "Au amelala mapema. Hasubiri tena saa hizi."

Magego aliinuka. Akaisimamisha simu juu ya kabati, akaiegemeza kwenye birauri, kioo kinanitazama. Akavinyoosha vipembe vya kile kisanduku kimoja kimoja vikasimama, akakisukuma nyuma kabisa ukutani mahali ambapo kitu huwekwa kikae. Akafunga sanduku la chuma, akatia kufuli. Ufunguo akauweka kiganjani mwangu, akanifumba vidole juu yake, akanishikilia hivyo.

Nilikuwa nataka kumwambia kwamba chai iko tayari, ingawa adhuhuri bado.

Akaniachia mkono, akatoka.